Diwani Hong Amehudhuria

Ilipofika saa kumi na moja na nusu alfajiri, Bitsu alikuwa amekwisha kukunja vitambaa tisa na kuvifunga kwa mpira nyuma ya skuta. Kila kitambaa kilikuwa cha zambarau, kirefu kuliko yeye mwenyewe, kimebandikwa maneno meupe ya rambirambi. Maneno ya katikati yalibadilika kidogo, kutegemea kama aliyekufa ni mzee, mama wa watu au mwalimu. Jina la pembeni halikubadilika: Diwani Hong Tengka.

Misiba tisa katika asubuhi moja si kawaida, lakini mwezi wa mizimu ulikuwa umekwisha juzi. Mwezi huo hakuna anayezika, hakuna anayeoa, hakuna anayehama nyumba. Maiti zilikuwa zimengoja kwenye majokofu ya wilaya, na leo ndiyo ilikuwa siku njema ya kwanza kwenye kalenda. Kila njia ya pwani ile ilikuwa na turubai.

Kaka Lai, mkuu wa ofisi ya Diwani, alitoka mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Msiba wa Khebue ni wa nne," alisema. "Uwahi. Watu wa mbunge wasitutangulie kutundika katikati."

"Khebue nilidhani Diwani atakwenda mwenyewe," Bitsu alisema. "Ni yule mzee aliyekufa kwenye mafuriko."

"Diwani yuko vikaoni."

"Siku ishirini na sita, kaka?"

"Umekaa kuhesabu?"

"Anayehesabu ni Bibi Liau, mjane wa huyo mzee. Anapiga simu kila siku, na mimi ndiye ninayepokea."

Lai alikunywa chai, akatema jani. "Saa nane mchana kuna ukaguzi wa pampu, palepale Khebue. Utasaini kwa niaba ya Diwani, upige picha uilete. Ukiulizwa kitu usijibu. Wewe si injinia."

Bitsu alivaa kizibao cha kijani chenye jina la Diwani mgongoni, akawasha skuta. Alijua maana ya ukaguzi ule. Pampu ya Khebue ndiyo iliyotakiwa kuvuta maji ya mvua kutoka kwenye kijiji hicho, kilicho chini kuliko bahari, na kuyamwaga upande wa pili wa ukuta. Diwani aliizindua kwa mkasi na utepe mwekundu mwezi wa tano. Mwezi wa nane mvua ilipokuja, pampu ilinyamaza. Leo wakubwa wote wakisaini kwamba inafanya kazi, itakuwa imepokelewa rasmi, mkandarasi ataondoka, na hatakuwepo tena mtu wa kuulizwa. Mama yake Bitsu alikuwa anakaa Khebue, njia ya tatu.

Msiba wa kwanza ulikuwa kando ya hekalu, wa pili nyuma ya kiwanda cha barafu. Kote ilikuwa kazi ileile. Kutundika kitambaa, kusimama pembeni, kungoja mwongozaji wa mazishi aite majina ya wakubwa kwenye kipaza sauti, kutoka mbele na kuinama mara tatu. Waombolezaji hupiga magoti kumrudishia heshima, kisha yeye huondoka upesi kwenda kwingine.

Kwenye msiba wa tatu alimkuta Gau, mtu mnene aliyekuwa akiinama kwa niaba ya mbunge. Walikuwa wanaonana hivi karibu kila wiki, na hawakuwahi kuonana penye harusi.

"Mheshimiwa Diwani!" Gau alimwita kwa sauti ya chini, kwa sababu ya jeneza. "Shikamoo. Umechelewa leo, vipi, umepita kukagua miradi?"

"Marahaba, Mheshimiwa Mbunge," Bitsu alijibu. "Tumbo linazidi. Unakula barabara ipi safari hii?"

"Wali wa matanga tu, dada yangu. Barabara wanakula wenyewe." Gau alijifuta jasho. "Hivi wa kwako yuko wapi siku hizi? Wa kwangu angalau namwona kwenye televisheni amesinzia."

"Yuko vikaoni."

"Vikao gani? Baraza limefungwa tangu mwezi jana. Binamu yangu ndiye anayefagia ule ukumbi, ananiambia hata viti vimefunikwa."

Bitsu alinyoosha pindo la kitambaa chake. Tangu wiki iliyopita kulikuwa na jambo lililomsumbua na hakuwa amemwambia mtu. Kila jioni ofisi ilitoa picha za Diwani akiwa kazini, na yeye ndiye aliyezituma kwa wananchi elfu moja na mia tatu kwenye simu. Diwani sokoni, Diwani shuleni, Diwani akielekeza kidole kwenye shimo la barabarani. Watu waliomzunguka walikuwa wamelowa jasho, wamevaa fulana. Yeye kila mara alikuwa na lile koti jeusi la baridi alilovaa wakati wa kampeni, limefungwa mpaka shingoni, na katika picha zote kidole chake kilikuwa kimenyooka vilevile.

Mwongozaji aliita, "Mheshimiwa Mbunge!" Gau akatoka mbele, tumbo limekazwa, uso wa huzuni.

*

Kuta za Khebue zilikuwa bado na mstari wa matope, ulionyooka nyumba hadi nyumba kama uliochorwa kwa rula. Kwa Mzee Liau mstari ulipita juu ya vitasa vya milango. Turubai lilifungwa uani, na mle ndani mlinuka udi na matope yasiyokauka.

Mzee Liau alikuwa amepooza miguu. Siku ile maji yalipoanza kuingia, mkewe alitoka kutafuta watu wa kumsaidia kumbeba. Aliporudi na watu wawili, maji yalikuwa yameusukuma mlango kwa ndani na haukufunguka. Walikuwa nje wakimsikia akiwaita. Halafu wakawa hawamsikii.

Bitsu alitundika kitambaa katikati. Kilikuwa cha kwanza. Alisimama pembeni akitazama viatu vyake.

"Diwani Hong Tengka!" mwongozaji aliita. "Mheshimiwa Diwani, tafadhali mbele!"

Bitsu alitoka. Alipewa kijiti cha udi, akakiinua usawa wa paji la uso.

"Diwani anainama. Moja. Mbili. Tatu. Wafiwa, rudisheni heshima!"

Watoto wawili wa marehemu na wake zao walipiga magoti kwenye mkeka. Mjane, Bibi Liau, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa jeneza, amevaa nguo ya ufiwa, ya katani mbichi yenye kofia. Hakuinuka wala hakuinamisha kichwa. Bitsu alipogeuka kuondoka, mjane alimshika kwenye mkono wa shati.

"Ngoja. Wewe ni nani?"

"Pole sana, bibi. Nimetoka ofisi ya..."

"Sikukuuliza umetoka wapi. Yule ameita Diwani Hong Tengka. Nimesikia kwa masikio yangu. Ukatoka wewe."

"Ni desturi tu, bibi. Namwakilisha."

"Na Mzee naye amesikia. Yuko hapa, hajafika mbali." Alielekeza kidevu kwenye jeneza. "Umemwinamia mara tatu kwa jina hilo. Atajuaje kwamba si wewe? Akiwa na swali, atamwendea nani?"

Chini ya lile turubai kulikuwa na joto la kuoka mikate, lakini Bitsu alihisi jasho la mgongoni limepoa ghafla. Mwongozaji alikuwa ameshaanza kuita majina mengine.

"Basi nijibu mimi kabla hajakuuliza yeye," Bibi Liau alisema. "Pampu ilikuwa na miezi mitatu tu. Kwa nini ilinyamaza?"

"Sijui, bibi."

"Diwani hajui?"

"Mimi sijui. Mimi ni Bitsu tu. Mtoto wa Mama Kang, wa njia ya tatu."

Bibi Liau alimtazama upya, toka viatu mpaka nywele. "Mama Kang muuza chaza?"

"Ndiye."

"Kwenu yalifika wapi?"

"Magotini."

"Mna bahati." Mkono ulilegea, lakini haukuachia. "Sasa sikiliza, mtoto wa Mama Kang. Saa nane wanakuja kuikagua. Wakishasaini, mimi sina tena pa kwenda. Kitambaa sikitaki. Nataka aje kwa miguu yake, asimame pale, atazame kama maji yanatoka au hayatoki, ndipo asaini anachokiona. Simwombi hisani. Kura yangu alikuja kuiomba mwenyewe, akanishika mikono yote miwili, hapa hapa uani. Siku ile hakumtuma mtu."

"Nitamwambia."

"Utamwambia wapi? Unajua alipo?"

Bitsu alitazama kitambaa cha zambarau, kwenye lile jina la pembeni.

"Unaona," Bibi Liau alisema, akamwachia.

*

Saa sita mchana ofisi ilikuwa tupu. Bitsu alikuwa amemaliza misiba yote tisa na magoti yalimuuma. Juu ya meza ya chai palikuwa na boksi la chakula lililoletwa na kijana wa mgahawa: wali, ubavu wa nguruwe, mboga za chumvi.

Kama kila siku kwa wiki tatu sasa, Bitsu alitakiwa kulipandisha ghorofani na kulitundika kwenye kitasa cha mlango wa mwisho. Lai alimwambia ni la mlinzi, analinda usiku na kulala mchana, asibishiwe. Kesho yake boksi hukutwa limetundikwa palepale, tupu. Bitsu hulichukua na kulitupa bila kulifungua. Mara moja aliwaza kwamba ni kama mtu anayetenga chakula cha mizimu, tofauti tu ni kwamba mizimu huacha wali.

Leo alipolishusha kwanza boksi la jana, jipya likiwa bado mkononi, kifuniko kilifunguka. Mifupa ilikuwa imepangwa pembeni, safi, mmoja juu ya mwingine. Kando yake palikuwa na kijiti cha meno kilichovunjwa vipande vitatu vinavyolingana.

Bitsu alisimama katikati ya ngazi.

Kwa miaka minne alikuwa amefuatana na Diwani Hong kwenye karamu za hekalu na harusi za wapiga kura. Alikuwa ameondoa sahani zake mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Hakumjua mtu mwingine aliyevunja kijiti cha meno mara tatu kabla ya kuinuka mezani.

Juu ya kichwa chake kandambili zilikokotwa polepole sakafuni, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Alipanda tena. Ukumbi wa ghorofani ulikuwa na giza, umejaa vipaza sauti vya kampeni na mabango ya zamani yaliyosimamishwa ukutani, Diwani Hong kumi na wawili wakitabasamu chini ya vumbi. Bitsu alibisha mlango wa mwisho kwa kidole kimoja.

Kandambili zilinyamaza.

"Mheshimiwa," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akakohoa. "Mheshimiwa, ni Bitsu. Nimetoka kwa Bibi Liau, Khebue. Anaomba uende saa nane kwenye ukaguzi. Anaomba tu uende ukatazame."

Chini ya mlango palikuwa na ufa wa mwanga. Kandambili zilikokotwa tena, zikaja, na katika ule mwanga vikatokea vivuli viwili vya miguu. Vilisimama upande wa pili wa ubao, karibu sana hata akasikia pumzi zikipita puani mwa mtu.

"Hana neno baya, mheshimiwa. Hatatukana. Anataka uone kama maji yanatoka."

Pumzi ziliendelea. Bitsu alihesabu mpaka ishirini. Vivuli vikarudi nyuma, kimoja, kisha cha pili, na ufa ukabaki mwanga mtupu.

Simu yake ililia mfukoni, akaruka. Alikuwa Lai.

"Umebisha mlango wa juu?"

"Kaka Lai, Diwani yumo ndani."

"Ndani kuna mlinzi."

"Mlinzi gani huyo? Anabishiwa mlango, badala ya kufungua anakupigia wewe?"

Nyuma ya Lai zilisikika sahani na watu wakicheka. Alipozungumza tena sauti ilikuwa laini, karibu ya upendo.

"Sikia, dada. Mheshimiwa haumwi. Anakula vizuri, analala vizuri. Anangoja watu wasahau. Baada ya mafuriko huwa wanasahau ndani ya siku arobaini, amewahi kupiga hesabu, si mafuriko ya kwanza haya. Zimebaki kumi na nne. Akitoka sasa atakuta watu wana hasira, watasema maneno, na maneno hayafutiki. Akitoka siku hiyo atawakuta wanauliza habari za taa za barabarani. Wewe unashindwa nini kusaini?"

"Sipendi kusaini kitu ambacho yeye hajakiona."

"Nani kasema unasaini wewe? Anasaini yeye. Wako ni mkono tu."

Simu ikakatwa. Bitsu alitundika boksi jipya kwenye kitasa, akashuka haraka, bega likiukwaruza ukuta. Alipofika ngazi ya tatu aligeuka kutazama nyuma. Kitasa kilikuwa kitupu, na hakuwa amesikia mlango ukifunguliwa.

*

Kibanda cha pampu kilikuwa mwisho wa kijiji, mahali mfereji unapokutana na ukuta wa bahari. Injinia Phang wa wilaya alifika na gari jeupe. Alikuwa na mtu wa mkandarasi, aliyevaa buti mpya zisizo na tope. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Khoo, alikuja kwa baiskeli, mkoba kiunoni, akigawa soda kwa kila mtu.

"Diwani!" Khoo alimpokea Bitsu kwa furaha. "Karibu, karibu. Kunywa, jua kali."

Mtu wa mkandarasi alibonyeza kitufe. Taa ya kijani iliwaka. Chini ya sakafu mashine ilianza kunguruma, na kibanda kizima kikatetemeka kidogo.

"Safi," Injinia Phang alisema, akaweka alama kwenye karatasi.

Bitsu alitoka nje akainama ukutani kutazama bomba la kutolea maji. Lilikuwa pana kiasi cha kuingia mtu mzima. Mdomoni mwake, toka ukingo mmoja hadi mwingine, buibui alikuwa ametanda utando. Ulikuwa mzima, haujakatika hata uzi mmoja. Buibui mwenyewe alikaa katikati, akitikisika taratibu kwa mngurumo.

Alirudi ndani. "Injinia, maji hayatoki."

"Mashine inazunguka, dada. Umeisikia."

"Nimeisikia. Lakini maji hayatoki."

"Karatasi hii inauliza kama mashine inazunguka." Injinia Phang alimwonyesha kwa kalamu, mstari kwa mstari, bila hasira. Alionekana mtu aliyelala kidogo. "Inauliza kama taa inawaka. Inauliza kama kibanda kina kufuli. Tazama."

"Haiulizi kama maji yanatoka?"

"Hiyo ni karatasi nyingine."

"Iko wapi?"

"Ilipaswa kusainiwa mwezi wa tano," Injinia alisema. "Ilisainiwa." Akageuka upande wa Khoo. "Tupige picha, nina kijiji kingine saa tisa."

Wote walijua kujipanga. Walisimama kando ya mfereji, kila mmoja akaelekeza kidole kwenye kibanda, kama ukaguzi unavyopigwa picha kila mahali. Bitsu aliinua simu. Kati ya Khoo na Injinia palikuwa na pengo.

"Sogeeni," alisema.

"La, la," Khoo alimkataza. "Hapo ni pa Mheshimiwa. Lai ataweka baadaye. Injinia, ongeza kidogo, Mheshimiwa ana mabega."

Injinia Phang akasogea hatua. Bitsu alibonyeza, kisha akatazama alichokipiga. Wanaume watatu walikuwa wanatabasamu kwenye jua. Khoo alikuwa ameinamisha kichwa upande wa pengo, kama anayeambiwa jambo la kuchekesha, na mkono wake mmoja ulielea hewani usawa wa bega la mtu.

Ndipo alipomwona Bibi Liau. Alikuwa anakuja peke yake kwenye ukingo wa mfereji kutoka makaburini, bado yumo ndani ya ile katani, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi. Hakuna anayetaka kukaribiwa na mtu aliyevaa nguo ile. Mtu wa mkandarasi aliingiza mikono mifukoni na kurudi nyuma mpaka kwenye gari. Injinia aliikumbatia folda.

"Bibi," Khoo alisema, "pole tena. Lakini na nguo hiyo, usisogelee sana mashine. Unajua mwenyewe, si vizuri."

"Mashine nayo inaogopa nuksi? Ya kwako ilikwishapata, Mwenyekiti, hata kabla sijavaa." Alitazama mmoja mmoja. "Diwani yuko wapi?"

"Mmepishana. Ameshahudhuria."

"Ameshahudhuria?"

"Kwenye picha yupo. Jioni utamwona."

Bibi Liau hakubishana naye. Alimgeukia Bitsu. "Mtoto wa Mama Kang. Amekuja?"

Injinia alikuwa amekwisha kumnyooshea Bitsu folda na kalamu. Majina yalikuwa yamechapwa tayari, na mbele ya kila jina palikuwa na nafasi ya kusaini. Jina la Diwani lilikuwa la kwanza. Bitsu aliwaza kodi ya chumba, akawaza miaka minne, akawaza kwamba katika kijiji hiki na vijiji vya jirani hapakuwa na ofisi nyingine ya kumpokea mtu aliyeacha shule kama yeye. Kalamu ilikuwa na jasho la Injinia.

Aliandika polepole: *Hakuja. Aliyekuja ni Kang Bitsu, karani wake. Hakuona maji yakitoka.*

Injinia Phang aliipokea, akasoma, akasoma tena.

"Dada, hapa panatakiwa jina tu."

"Jina nimeweka."

"Umeharibu karatasi." Hakupandisha sauti. Alifungua folda, akatoa karatasi nyingine iliyo sawa na ile. Nyuma yake Bitsu aliona nyingine, na nyingine, labda kumi. Injinia aliikunja ya kwanza ikawa kama yai, akaitupa mferejini. Wakasaini upya, yeye, mtu wa mkandarasi, Khoo. Kisha Khoo akafungua mkoba wa kiunoni, akatoa kifuko cha ngozi, na ndani ya kifuko mhuri mdogo wa pembe.

"Lai alinipitishia saa saba," alimwambia Bitsu, kama anayeomba radhi. "Alisema leo hauko sawa."

Aliupumulia mhuri ili ulainike, akaubonyeza. Jina la Hong Tengka likatokea, jekundu, bichi.

"Amehudhuria," Injinia Phang alisema, akaweka alama.

Mashine ilikuwa bado inanguruma. Ile karatasi iliyokunjwa ilielea katikati ya mfereji, mbele kabisa ya mdomo wa pampu. Haikuvutwa wala kuzunguka. Ilikuwa palepale ilipoangukia, na kivuli chake chini yake. Mtu wa mkandarasi alizima taa ya kijani, wakafunga kufuli, gari likaondoka, baiskeli ya Khoo ikaondoka. Karatasi haikuwa imesogea hata kidole.

Bibi Liau alisimama akiitazama.

"Uliandika nini?"

Bitsu alimwambia.

"Niandikie tena."

"Ya kupeleka wapi, bibi? Wilayani hawataipokea."

"Wilayani nimekwenda mara tatu. Hii nitaichoma jioni imfikie marehemu, pamoja na pesa zake za karatasi. Mzee anangoja jibu. Nimemwahidi."

Bitsu alitafuta karatasi. Hakuwa na nyingine ila ile orodha ya misiba tisa ya asubuhi. Akaigeuza upande mweupe, akaiweka juu ya kiti cha skuta, akaikandamiza kwa kiganja kwa sababu ya upepo. Simu ilianza kulia kwenye kizibao. Ililia mpaka ikachoka, ikaanza tena.

"Hakuja," Bibi Liau alisema, akimtajia. "Hilo limeingia?"

"Limeingia."

"Andika sasa Diwani alipo. Mzee asihangaike kumtafuta kila mahali, miguu yake haimfai."

Bitsu aliinua kichwa. Mjane alikuwa anamtazama kwa utulivu, kama mtu anayengoja chenji dukani. Hakumuuliza kama anajua. Upepo ulipiga kofia ya katani ukaiacha.

"Juu ya ofisi," Bitsu alisema.

"Mimi usiniambie. Andika."

Aliandika. Jina la barabara, namba ya nyumba, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho baada ya mabango. Bibi Liau alisogea akaichungulia karatasi, kisha akatikisa kichwa.

"Rudia, mwanangu, uandike kwa herufi kubwa. Macho ya Mzee yalikuwa mabaya."